MREJESHO: Rivolva ya mkononi iliyokatwa mtutu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuirekebisha rivolva yangu, Smith & Wesson Model 10 niliyonunua kwa mtu hapa Texas: mtutu wa inchi 4 ulikatwa, kinundu cha kulengea kikachomelewa upande.

Nilifuata ushauri wa kutounga kipande kwenye mtutu uliokatwa, bali kuubadilisha wote. Nilipata mtutu wa zamani wenye mfereji wa pini (kijiti cha chuma kinachoushikilia mtutu kwenye fremu), maana mitutu ya baada ya 1982 haina, nikampelekea fundi bunduki. Kaufunga, kapima mwanya kati ya silinda na mtutu: inchi 0.006. Sasa inapiga ninapolenga.

Rangi ndiyo imegoma. Mtutu mweusi, fremu imepauka. Dawa ya kutia weusi ya kupaka nyumbani ilitoa mabaka, nikaifuta.

Asanteni sana, hasa aliyenikataza kuufungua mtutu mwenyewe kwa jiriwa. Fundi anasema ningepinda fremu.