Nyie roho mnaitulizaje na siasa hizi?

BintiLangoni:
Asalaam aleikum jamani. Nauliza wenzangu wa Lamu, nyie roho mnaitulizaje siku hizi? Tangu ile 25 Juni 2024 vijana walipoingia Bunge kwa ajili ya Muswada wa Fedha na watu wakapigwa risasi mimi sijakaa sawa, simu siiweki chini, nalala nayo naamka nayo, na kila 25 Juni ikikaribia ndo kabisa. Sasa uchaguzi wa 2027 huo waja, matusi yameshaanza kwenye magrupu ya WhatsApp hata ya familia. Juzi nimeenda Shela na watoto, maji yamekupwa, wanakimbizana na kaa, nikacheka mpaka machozi. Halafu moyo ukanisuta, kuna mama huko Nairobi analilia mwanawe na mimi huku nacheka. Ni dhambi hii?

MzeeMkunguni:
Waleikum salaam mwanangu. Hapana dhambi. 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni tulitiwa kafyu hapa, usiku kila mtu ndani, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku na wajua riziki ya mvuvi wengi ni usiku huo huo. Wageni wakakatika, mahoteli yakafunga. Kilichobaki ni kahawa. Muuza kahawa akawa apita mapema, alasiri, dele lake lina mkaa chini, mkono wa pili vikombe avigonganisha wamsikia kabla hajatokea kichochoroni. Watia kipande cha halwa mdomoni kwanza, ndipo uipige ile chungu ya tangawizi. Na pale barazani ndipo tulipojua nani hajapika leo, nani kijana wake amechukuliwa, tukachangishana. Kwa hiyo kahawa ile usiione ndogo.

UmmuNasra:
Dada yangu mimi ni maua ya asumini. Alasiri nazichuma zikiwa bado zimefumba, nakaa uani natunga, natia na rihani, na ua la kilua nikibahatika kukipata, nafunga vikuba, vile vishada vya maua. Mkono wenye sindano na uzi haushiki simu, hiyo ndo dawa yenyewe wallahi. Ikifika isha zimefunguka nyumba nzima yanukia. Taarifa ya saa moja naitazama sikosi, ikiisha nazima, sirudi tena kusoma makomenti ya watu usiku. Na huyo mama wa Nairobi muombee dua, watoto wako pia wana haki ya kumuona mama yao akicheka.

KijanaWiyoni:
Shikamoo wazee. Mimi lakini haya mambo ya kutulia yananitia wasiwasi, nasema kwa heshima. Tungekaa tu tukinywa kahawa ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi hapa Lamu si ungekuwa umejengwa zamani? Watu walipinga miaka, wakaenda mahakama ya mazingira hadi leseni ikafutwa 2019. Starehe sawa, mi mwenyewe jioni lazima niogelee, ila isije ikawa ndo tunajificha humo wenzetu wakiuawa sisi tuko pwani, eti siasa ni za bara.

MzeeMkunguni:
Marahaba. Hilo la siasa za bara umenena kweli, nalichukia sana na mimi. Lakini kijana, hayo ya makaa ya mawe mbona tuliyazungumza kwenye mabaraza haya haya? Mimi mara ya kwanza kusikia habari za moshi na samaki nilikuwa na kikombe mkononi. Mtu aliyejifungia ndani na simu peke yake humpati, wala kwa maandamano humpati.

KijanaWiyoni:
Hapo sawa mzee wangu, nimekuelewa.

BintiLangoni:
Mmenifaa sana, Mungu awalipe. Nitaanza na hilo la Ummu la kuzima baada ya taarifa. Ummu, kilua wakipata wapi? Mimi huku Langoni naona asumini tu. Na wewe mdogo wangu wa Wiyoni, mimi sijajiandikisha kura bado, niende na nini?

KijanaWiyoni:
Kitambulisho, au pasipoti. Jumatatu nampeleka mamangu ofisi ya tume ya uchaguzi, ukitaka tuongozane.

UmmuNasra:
Kilua nitakwambia inbox, nikisema hapa kesho sikipati 😂