Naomba ushauri: nibaki na tafsiri au nihamie kwenye manukuu ya video?

Habari za kazi ndugu zangu, na shikamooni mnaostahili.

Niko Morogoro, mwaka wa tatu sasa najitegemea kwa kazi za mtandaoni: kutafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili na kuandika manukuu ya video, yale maandishi ya chini ya picha.

Tafsiri ndiyo inayonilisha, lakini tangu mwaka jana wateja wengi wananiletea maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa na mashine, wakitaka niyasahihishe kwa karibu nusu ya bei ya zamani. Kunyoosha ngeli zilizovurugika ("magari zimefika") kunanichukua muda uleule wa kutafsiri upya! Manukuu nayapenda sana. Kubana sentensi ndefu iingie kwenye herufi 42 kwa mstari bila kupoteza maana ni ufundi hasa, na programu ninayotumia, Aegisub, ni ya bure. Shida ni kwamba kazi zenyewe huja moja au mbili kwa mwezi.

Nimejaribu kupandisha bei ya tafsiri, nikapoteza wateja wawili. Nimetuma sampuli za manukuu kwa kampuni saba, zimejibu mbili.

Kwa mlio kwenye fani hizi: manukuu peke yake yanaweza kulipa kodi ya nyumba, au niyaunganishe na tafsiri ya eneo moja, mfano afya au sheria? Na mnaosahihisha kazi ya mashine, mnatoza kwa neno au kwa saa?

Natanguliza shukrani.