Mwanangu ana wiki saba, nami bado najiona mgeni kwake

Baba wa Mara ya Kwanza anauliza:

Ndugu zangu, naomba kuuliza jambo ambalo sijathubutu kulisema mbele ya mtu yeyote, hata mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza ana wiki saba sasa. Nilikuwamo katika chumba cha kujifungulia tangu uchungu ulipopamba moto hadi alipotoka, na kwa miezi yote ya mimba niliamini kwamba nikimtia machoni tu nitalia kwa furaha, maana ndivyo kila baba niliyemsikia alivyosimulia. Haikuwa hivyo. Mtoto alitoka na rangi ya kibuluu, kichwa kimechongoka, hakulia papo hapo, nami nikabaki nimeikodolea macho damu iliyokuwa ikimtoka mke wangu, nikiwa na hakika kwamba nawapoteza wote wawili. Alipolia hatimaye na mkunga akanipa nimpakate, nilihisi magoti yakilegea, na baada ya hapo sikuhisi chochote.

Wote wawili wana afya njema, na kwa hilo nashukuru kila siku. Lakini tangu turudi nyumbani mtoto huyu nikimchukua analia, mama yake akimpokea ananyamaza. Jioni ndiyo mbaya zaidi: hulia kuanzia saa kumi na mbili hadi karibu saa tatu usiku, akiwa ameshanyonya na kubadilishwa nepi. Juzi niligundua kwamba nimeanza kuchelewa kutoka kazini bila sababu yoyote ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha hadi nikaandika hapa. Je, yupo baba aliyepita njia hii? Ulifanya nini hasa?

Baba wa Watatu anajibu:

Kaka, nimepita njia hiyo hiyo. Kwa mwanangu wa kwanza nilingojea hisia ije kwanza ndipo nianze kumlea, na kosa langu lilikuwa hapo. Mama alikuwa amemzoea mtoto kwa miezi tisa, na baada ya kuzaliwa alikuwa akimnyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, kila mara akimtazama, akimnusa na kumsikiliza anavyopumua. Mimi nilimpakata dakika tano jioni, akalia, nikamrudisha. Ningemjuaje?

Kilichonibadilisha ni kuchukua kazi moja na kuifanya yangu kabisa. Nilichagua kumwogesha. Mara za kwanza nilitetemeka, kwa sababu mtoto mwenye maji huteleza na shingo yake haijakaza, nami nilikuwa naogopa hata kugusa utosi. Baada ya siku kumi hivi nilijifunza kwamba hapendi kuvuliwa nguo zote kwa pamoja, kwamba kitambaa chenye uvuguvugu juu ya kifua humtuliza, na kwamba kabla ya usingizi hujisugua sikio la kushoto. Hayo hakuna aliyenifundisha. Baada ya kuoga nilikuwa namlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, tumejifunika shuka, naongea naye kwa sauti ya chini kuhusu siku yangu kazini. Mtoto mchanga huona vizuri vilivyo karibu naye tu, kama sentimeta 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wako unapompakata, kwa hiyo ukimtazama kutoka upande wa pili wa chumba, kwake wewe ni kivuli tu.

Halafu usiku mmoja, akiwa na miezi mitatu, alianza kulia na mke wangu akanigeukia akauliza, "Analia nini huyu?" Nikajibu bila kufikiri kwamba hana njaa, ana usingizi, na ndivyo ilivyokuwa. Siku ile ndipo nilipojua kwamba ni mwanangu. Nakushauri umwombe mama yake atoke nyumbani walau saa moja, ubaki na mtoto peke yako.

Mkunga anajibu:

Nimewapokea watoto kwa miaka mingi, na naomba nianze na kile ulichokiona, kwa sababu inaonekana hakuna aliyekueleza. Mtoto anapotoka huwa bado hajapumua hewa, hivyo rangi ya kibuluu katika dakika za mwanzo ni ya kawaida, na mikono na miguu inaweza kubaki hivyo hata baada ya mwili kuwa na rangi nzuri. Kichwa huchongoka kwa sababu mifupa ya fuvu lake haijaungana, na husogea na kupandana kidogo ili apite njia ya uzazi. Baada ya siku chache hurudi katika umbo lake. Damu nayo hutoka katika kila uzazi, na ni sisi wahudumu tunaoangalia kama imezidi. Mama hufuatiliwa na hutulizwa, lakini baba husimama pale akiona kila kitu bila tafsiri, na naamini hilo ni pengo katika kazi yetu.

Kuhusu kilio cha jioni, watoto wengi huanza kulia zaidi wanapofikisha wiki mbili, kilio hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Kwa wiki saba, basi, upo karibu na kilele chenyewe. Hakukatai wewe. Kwa mama yake ananusa maziwa, na titi humtuliza hata asipokuwa na njaa.

Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, upumue, kisha urudi. Usimtikise kamwe, hata kidogo, kwani ubongo wake unaweza kuvuja damu. Na akiwa chini ya miezi mitatu, joto la mwili likifika nyuzi 38, au akikataa kunyonya, au akilegea isivyo kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Wawili anajibu:

Nakubaliana na mengi aliyosema Baba wa Watatu, ila hili la kumwambia mama atoke nyumbani naomba lisikimbiliwe. Katika wiki zile mimi nilikuwa nikisikia mtoto akilia chumba cha pili, maziwa yalianza kutiririka yenyewe na moyo ukanienda mbio. Kuambiwa nitoke kungekuwa adhabu. Anza mara tu mtoto anapomaliza kunyonya: mchukue wewe, mcheulishe, mbadilishe, tembea naye, na mwache mama alale chumba cha pili. Wala usiulize "Nikusaidie nini?", kwa sababu swali hilo linamwachia yeye kazi ya kupanga.

Na tafadhali mwambie ulichotuambia sisi. Mume wangu alinyamaza miezi minne, nami nikauchukulia ukimya ule kuwa ananilaumu kwa jinsi uzazi ulivyokwenda. Tulipoteza muda mwingi kwa dhana ambayo haikuwa ya kweli.

Baba Aliyepona anajibu:

Nitasema moja tu, ambalo naona wenzangu wamelipita. Sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, baada ya uzazi huwapata akina baba pia, takriban mmoja kati ya kumi, na kwa wanaume mara nyingi haionekani kama huzuni. Inakuja kama hasira za haraka, kukwepa nyumba, kufanya kazi kupita kiasi. Kwangu ilianza hivyo hivyo, kwa kuchelewa kurudi. Ikiwa picha ya damu ile inakurudia bila kuitwa, au unakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, mwone daktari na umweleze kama ulivyotueleza. Mimi nilizungumza na mshauri wa saikolojia kwa wiki kadhaa, na natamani ningekwenda mapema.

Baba wa Mara ya Kwanza anarejea:

Nimesoma majibu yenu mara kadhaa, na nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba yeye naye, siku ile, jambo la kwanza aliloliona baada ya mtoto kutoka lilikuwa uso wangu, na akadhani mtoto amekufa. Hatukuwahi kulizungumza. Picha ile bado inanirudia, hasa alfajiri, kwa hiyo nimepanga kumwona daktari Jumatatu. Kuhusu kazi ya kuchukua, tumekubaliana kwamba kuogesha jioni ni kwangu kuanzia leo, na nimemwomba anisimamie mara ya kwanza tu, kwa sababu ya ile shingo.