Nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, kabla fundi hajaingia

*Shangazi:* Assalaam alaykum nyote. Fundi anaingia Jumamosi kupiga plasta msana (ukumbi wa mbele) na ndani. Historia ya nyumba haijaandikwa na alama ziko ukutani. Akishapaka, zimekwenda.

*Ami:* Waalaykum salaam. Kwanza simiti isiguse ule ukuta. Ni matumbawe na chokaa, unavuta unyevu kutoka chini na kuupumua nje. Simiti inauziba, maji yanapanda juu zaidi, chumvi inakauka nyuma ya plasta na kuisukuma. Tazameni tekani, pale pa kuingilia: kiraka cha simiti kinabambuka na kuacha unga mweupe, chokaa ya zamani kando yake ingali imeshika.

*Mjomba:* Vipimo, Ami?

*Ami:* Chokaa iliyozimwa kwa maji ikalowekwa wiki 3 au zaidi, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uoshwe kwa maji matamu. Wa ufukweni una chumvi, utarudisha maradhi yale yale. Kila koti (tabaka) lisizidi sentimita 1, lifunikwe magunia yenye maji. Likikaushwa na jua la mchana litapasuka nyufa.

*Dada Mkubwa:* Shikamoo Ami. Tuanze na mlango. Mwaka wa Hijria uliochongwa juu, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622, upate mwaka wa Miladi. Mfano, 1310 inaangukia 1892 au 1893.

*Mjomba:* Huo ni umri wa mlango tu. Milango ya kuchonga huuzwa na kuhamishwa nyumba hadi nyumba. Angalia kama fremu imeshikana na ukuta tangu mwanzo au imezungushiwa viraka.

*Dada Mkubwa:* Kweli. Basi na upana wa vyumba tupime. Chumba cha zamani hakiendi sana zaidi ya mita 3, kwa kuwa dari ya mawe na chokaa ni nzito na boriti ya mkoko haibebi mbali zaidi. Chumba kipana kuliko hapo kina zege au chuma, hicho ni cha kizazi cha karibuni.

*Ami:* Boriti zigongwe kwa nyundo pale zinapoingia ukutani. Sauti kavu ni nzima. Sauti butu, kama ya kitu kitupu, imeoza, na huenda juu yake maji ya mvua yanavuja. Ibadilishwe moja moja na nguzo za kutegemeza zikiwa chini. Wapeni boriti kamili, kipenyo sentimita 11 hadi 14. Mazio, nguzo ya mkoko ya daraja la chini yake, ni nyembamba, itapinda.

*Shangazi:* Na zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani? Mimi hapo ndipo roho yangu ilipo.

*Dada Mkubwa:* Zidaka zisipigwe msasa, Shangazi. Chagua pembe iliyofichika, kwangua kwa wembe mraba wa sentimita 5, kila koti ngazi yake, ile ya juu kabisa ibaki ukingoni. Nyeupe, buluu, nyeupe tena. Piga picha kwa mwanga wa ubavuni. Koti likikosekana kwenye kidaka kimoja, kile kimejengwa au kutengenezwa baadaye.

*Binti wa Maskati:* Shikamooni. Hisa zetu je?

*Mjomba:* Marahaba. Tafuteni hati kwanza. Lamu baba alimjengea binti nyumba, mara nyingi jirani na ya mama, na wikio, daraja la ghorofani, likavuka kichochoro kuziunganisha. Kama ilikuwa hiba (zawadi) na binti alikabidhiwa, haimo katika mirathi ya baba. Kama ni wakfu, haiuzwi. Ikiwa mirathi, hesabuni kifo kwa kifo, msiruke. Mume akiacha mke, mwana 1 na mabinti 3: mke 5/40, mwana 14/40, kila binti 7/40. Kisha fungu la kila marehemu lifunguliwe peke yake.

*Shangazi:* Kwa hiyo nasaba ya nyumba tuiandike kwa upande wa akina mama.

*Mjomba:* Ndiyo. Ukiifuata kwa majina ya wanaume itakatika njiani.

*Ami:* Na ruhusa. Mji wa Kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Ukuta, mlango au dari visiguswe kabla ofisi ya Makumbusho haijaona mchoro.

*Shangazi:* Basi fundi namsimamisha.

*Dada Mkubwa:* Ijumaa baada ya Alasiri tukutane darini. Leteni tochi, tepu ya mita 5 na chaki. Boriti ya kwanza kutoka mlangoni ni namba 1.