Ulinganisho: mpini na bomba, spana ya gia au impakti kwa kuzungusha tairi za lori nyumbani?

Njiro_Canter (Arusha)
Habari wakuu. Canter, tairi sita, nyuma pacha, nati za nyuma ni zile za ndani na nje (ya ndani inabana tairi ya ndani, ya nje inajifunga juu yake na kubana tairi ya nje). Nataka kazi ya kuzungusha tairi, yaani kuzibadilishana nafasi, ifanyike nyumbani badala ya kwa fundi tairi. Kuna mpini mrefu na bomba, spana ya gia ya kuzungusha kwa mkono, impakti (mashine ya kuzungusha nati kwa mapigo) ya upepo na impakti ya betri. Uwanja ni udongo mtupu, hauna sakafu. Kipi kinunuliwe kwanza?

Nati_41
Kabla ya kununua chochote tazama ncha ya stadi, yaani bolti ya gurudumu inayofungwa nati. Kwenye mfumo wa zamani wa Kijapani stadi za kushoto zimepigwa L, nyuzi zake ni za kushoto, na za kulia zimepigwa R. Kumbuka hivi: pande zote mbili nati inafunguka kuelekea rivasi, yaani upande ambao tairi ingezungukia gari ikirudi nyuma. Asiyelijua hili anaongeza bomba, anaongeza na mtu, nati inazidi kukaza hadi stadi ikatike.

Boksi (kichwa cha spana kinachovaa nati): nati ya nje 41 mm, ya ndani kichwa cha mraba 21 mm. Lori zenye nati moja moja za kisasa ni 33 mm na nyuzi zote ni za kulia. Kwa nati za 41 na 33 nunua boksi ya pembe sita, mraba wa kuingizia mpini uwe inchi 3/4. Ya pembe kumi na mbili inakula nati, na ya 1/2 itakatika mraba.

Kwa Canter ya nyumbani mpini wa 3/4 na bomba la mita moja vinatosha. Legeza nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, handbreki juu, tairi zimezuiwa kwa magogo mbele na nyuma.

Pasua_Gereji (Moshi)
Naongezea kuhusu spana ya gia. Nyingi zina uwiano wa kama 1 kwa 58, maana yake unazungusha mkono mara 58 nati igeuke mara moja. Hesabu nati zako kwanza halafu uamue! Lakini kwa nati iliyoota kutu haina mpinzani, na haihitaji umeme wala kompresa. Mguu wake lazima uegemee nati ya jirani sawasawa. Ukikaa pembeni unateleza na kukupiga mkono.

Usikazie nayo. Mkono hausikii chochote, stadi inavutika kama mpira na huoni. Ni ya kufungulia tu.

Kompresa_Unga
Impakti ya upepo watu wanainunua bila kufikiria upepo wenyewe. Tangi la lita 50 linaisha kabla hujamaliza gurudumu moja, halafu unasimama kusubiri. Mpira mwembamba nao unaua nguvu, hata kama geji inaonyesha sawa. Kama kompresa ni ndogo, ya betri ya 3/4 ndiyo yenye maana, mradi soko unalonunulia lina betri za akiba za aina hiyohiyo.

Zote mbili, anzisha nati kwa vidole, mizunguko mitatu minne, ndipo uipe mashine. Ikiingia mshazari impakti haitakuambia, itaendelea tu kula nyuzi.

Mtaimbo_Sakina
Mnajadili spana, na mtu kasema uwanja ni udongo. Hapo ndipo penye hatari. Jeki ya chupa ya tani 10 ikisimama juu ya udongo wakati wa masika inazama upande mmoja, kisha inalala na gari. Weka ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, unene 5, chini ya jeki, na mwingine chini ya kila stendi. Jeki inanyanyua, stendi ndiyo inayobeba. Tofali halibebi, linapasuka bila kuonya.

Jeki ya troli nzuri kwenye zege. Kwenye udongo magurudumu yake madogo yanazama, na ni lazima yasogee kidogo wakati inapanda.

Nyanyua kiasi tairi iache ardhi kwa vidole viwili tu. Hapo mtaimbo ukiingizwa chini ya tairi unaiinua hadi matundu yaelekee stadi, mgongo unabaki salama. Gurudumu la 22.5 na rimu yake ya chuma ni karibu kilo 100, usilikumbatie.

Pasua_Gereji (Moshi)
Na rimu za ringi, zile zenye pete ya chuma pembeni inayoshikilia tairi: ukiona ringi imepinda, imeota kutu au haijakaa sawa, toa upepo wote kwa kung'oa sindano ya valvu kabla ya kugusa nati. Kwenye pacha toa upepo wa zote mbili. Ringi ikiruka inaua. Kuifungua tairi kutoka kwenye rimu ya aina hiyo ni kazi ya fundi mwenye kizimba cha chuma.

Njiro_Canter (Arusha)
Shukrani. Kukaza je? Spana ya toki kubwa, ile inayopima nguvu ya kukaza, sijaiona dukani.

Nati_41
Mfuko wa saruji. Kilo 50 ukining'inia sentimita 120 kutoka katikati ya nati, mpini ukiwa mlalo kabisa, unatoa kama Nm 590 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Lori kubwa za nati 33 zinataka karibu 600. Canter yako soma kitabu cha gari, kisha gawa: Nm ÷ 490 = urefu kwa mita. Piga alama ya rangi kwenye bomba. Mpini ukiinama chini kipimo kinapungua, kwa hiyo vua boksi uirudishe pembe nyingine hadi ulale sawa.

Kaza kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Kwanza piga brashi ya waya uso wa rimu na habu (kitovu cha gurudumu), kwa sababu kutu na rangi nene vinajibana barabarani, nati inabaki imelegea. Mafuta kidogo kwenye nyuzi. Nati za 33 zipake pia kati ya nati na washa yake, lakini si pale washa inapogusa rimu.

Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Arusha, ukifika Moshi ni muda wake. Nati za ndani hazikaziki nati ya nje ikiwa imebana: legeza za nje moja ukiruka moja, kaza za ndani, rudisha za nje, kisha nenda kwenye zilizobaki.

Mtaimbo_Sakina
Kabla ya kupanga pacha zungushia kamba kila tairi ikiwa na upepo kamili. Kwa saizi za Canter kipenyo kisipishane zaidi ya 6 mm, yaani kwenye kamba kama 19 mm. Ikipishana zaidi, kubwa inabeba mzigo peke yake na ndogo inaburuzwa. Ndogo iwe ndani. Valvu zikae pande tofauti za gurudumu ili mkono ufike ya ndani.

Tairi yenye mshale wa upande wa kuzungukia: ya ndani kulia ikienda nje kushoto inazunguka vilevile. Ikienda nje upande uleule imegeuka. Na upepo urekebishwe upya, wa mbele na nyuma si sawa.

Njiro_Canter (Arusha)
Nati ya nje ikifunguka pamoja na ya ndani?

Nati_41
Zitoe zote mbili zikiwa zimeshikana, bana kichwa cha mraba kwenye vaisi, fungua ya nje kwa 41. Nyuzi zikiwa zimeliwa badilisha jozi nzima, usichanganye nati ya ndani mpya na ya nje iliyochoka.