Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: Namba hii, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kujumlisha 1, haigawanyiki kwa 3, 5, 7 wala 11. Je, ni tasa?

Jibu: Hapana. Mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni tasa, lakini mwanahisabati mwingine, Euler, alionyesha mwaka 1732 kwamba ni 641 mara 6,700,417.

Jibu: Kinachonivutia zaidi ni njia yenyewe: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, hivyo tunajaribu 193, 257, 449 na 577 tu kabla ya kufika 641.

Jibu: Naongeza kwamba 641 ni 5 mara 128 kujumlisha 1, na pia ni 625 (5 kwa kipeo cha 4) kujumlisha 16 (2 kwa kipeo cha 4). Kutokana na milinganyo hiyo miwili, 2 kwa kipeo cha 32 ikigawanywa kwa 641 hubakiza 640, na ile 1 inayojumlishwa hukamilisha mgawanyo.