Siku moja Nassau kwa meli ya kitalii: Atlantis inalipa kwa familia ya watu wanne?

BintiPwani

Wakuu, habarini za leo. Mwezi wa saba tunapanda meli Miami, safari ya usiku nne. Siku ya pili meli inafunga gati Nassau, Bahamas, saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Tuko wanne: mimi na mume wangu, kijana wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6 mwenye kimo cha sentimita 116. Watoto wameshaona picha za Atlantis, ile hoteli yenye mabwawa na mitelezo ya maji, hasa ule mtelezo unaopita katikati ya papa, na sasa nyumbani hakuna wimbo mwingine.

Naomba kujua: tiketi nichukue kwa kampuni ya meli au moja kwa moja kwa hoteli? Tutakuwa ndani saa ngapi hasa? Na huyo mdogo atapata nini cha kufanya? Mume ana grinikadi na pasipoti ya Tanzania, sisi wengine ni raia wa Marekani.

---

Serahangi

Dada, anza na hesabu ya muda, bei ije baadaye. Saa 2 ni saa ya meli kufika, si saa ya wewe kushuka. Forodha ya Bahamas inaikagua meli kwanza, kwa hiyo watu huanza kutoka saa 2 na robo mpaka saa 2 na nusu. Bandari ya Nassau ilifunguliwa upya mwaka 2023 na sasa inapokea meli sita kwa pamoja. Mkipangiwa gati la mbali, kutembea hadi lango la nje ni dakika 10 hadi 15, na kwa mguu wa mtoto wa miaka sita hesabu 20. Teksi mpaka Paradise Island, kisiwa chenye hoteli ya Atlantis ng'ambo ya daraja, ni dakika 15 barabara ikiwa nyeupe. Meli tano zikishusha watu pamoja, Bay Street inaganda na hizo 15 zinakuwa 30. Halafu kuna foleni ya kuchukua mikanda ya mkononi. Ukiwa mwepesi, saa 3 na dakika 45 mko ndani.

Sasa hesabu kurudi. Meli ikiondoka saa 11, saa ya mwisho kupanda kwa kawaida ni saa 10 na nusu, na baadhi ya kampuni huiweka saa 10 kamili. Soma karatasi ya ratiba ya siku hiyo. Muwe kwenye foleni ya teksi saa 9 alasiri, isizidi saa 9 na robo, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu mwenye meli anakumbuka kwamba ana meli.

Mna saa tano ndani, labda na kidogo. Tiketi ya siku ya Aquaventure, yaani sehemu ya mitelezo ya maji ya Atlantis, mara nyingi inapita dola 200 kwa mtu mzima, na bei hupanda na kushuka kwa tarehe. Watoto wa miaka 4 hadi 12 wana bei yao ya chini. Gawa jumla yenu kwa saa tano, uone kama bado unaitaka.

Na jambo moja la saa, maana limeshawaacha watu gatini: saa zote ninazotaja ni za Kiswahili. Kwenye tiketi saa 11 jioni itaandikwa 5:00. Saa za Nassau ni sawa na za Miami mwaka mzima, lakini anayetoka Texas ahakikishe kama meli yake inafuata saa ya bandari au imebaki na ya kwake. Vaa saa ya mkononi iliyopangwa kwa saa ya meli, usiiachie simu ijiamulie.

---

Mama Wawili

Serahangi kaeleza vizuri. Mimi niongeze la watoto.

Kipimo cha mitelezo karibu yote mikubwa ni inchi 48, yaani sentimita 122. Kijana wako kama amefika hapo ana siku njema. Mdogo kwa 116 hapandi Leap of Faith, hapandi Challenger, wala mitelezo ya mnara wa Power Tower. Wafanyakazi wana fimbo ya kupimia pale chini na hawabembelezwi. Mwambie kabla hamjaondoka nyumbani, asije akayasikia kwa mara ya kwanza mbele ya ngazi.

Kitakachomfaa ni Splashers, uwanja wa maji wa watoto wenye mitelezo mifupi na ndoo za kumwagia maji, mto wa pole wa kuelea kwenye boya, na mahodhi ya samaki. Msidharau hayo mahodhi. Chini ya jengo la Royal kuna The Dig, vichochoro vilivyojengwa kama magofu ya mji uliozama, na nyuma ya vioo kuna chewa wakubwa, mikunga, kamba-koche na samaki aina ya taa. Mtoto wa pwani atawataja mmoja mmoja. Tena ni kivuli, na jua la saa 6 la mwezi wa saba halina huruma.

Kuhusu ule mtelezo wa papa, watu huchanganya miwili. Leap of Faith ni mwanguko wa karibu mita 18, wima kabisa kwa jicho, kisha unapita ndani ya bomba la plastiki angavu lililolazwa ndani ya bwawa la papa. Unapita kwa kasi na uso umejaa maji, papa humwoni. Anayetaka kuwaona apande Serpent, kwenye hekalu hilohilo la Mayan Temple: unakaa kwenye boya, unazunguka gizani, halafu mwishoni boya linaingia bombani polepole na papa wanapita juu yako. Kijana wako aanze na huo. Kwenye Leap of Faith avuke miguu kwenye vifundo, mikono ifungwe kifuani, na asiinue kichwa katikati. Bikini ya kufunga kwa kamba haifai pale, wala miwani, wala hereni ndefu.

The Current ni kitu kingine, si ule mto wa pole. Una urefu wa kama maili moja, una mawimbi na maporomoko, na mkanda unaosogea unakupandisha juu ya Power Tower ukiwa bado umekaa kwenye boya lako. Mdogo msiingie naye kwa kukisia. Muulize mlinzi wa maji pale mlangoni na mchukue jaketi la kuokolea, yapo.

---

Kijiti cha Mvule

Swali la tiketi bado halijajibiwa, na ndilo linalokula pesa za watu.

Kampuni za meli huuza safari tatu au nne zenye neno Atlantis, na picha ya tangazo ni ileile ya hekalu. Moja ni ya kutembezwa kwenye mahodhi ya samaki tu. Nyingine ni ya ufukweni: unapata kiti na mchanga, mitelezo hapana. Nyingine ni ya pomboo. Si zote zenye Aquaventure. Mtu ananunua ile ya ufukwe kwa sababu ni nusu ya bei, anafika mlangoni na mkanda wa rangi nyingine, anageuzwa. Soma mstari unaosema kilichomo. Kama neno Aquaventure halipo, mitelezo haipo.

Faida ya kununua kwa meli: usafiri umo, wakati mwingine na chakula cha mchana, na basi lao likikwama darajani meli inawasubiri. Meli ikiiruka Nassau, pesa inarudi yenyewe. Hasara ni kutembea kundi kwa kundi. Mnasubiriana gatini mpaka wa mwisho afike na bango linyanyuliwe, na nusu saa imekwenda.

Ukinunua mtandaoni kwa hoteli unatoka kwa mwendo wako, lakini kurudi ni jukumu lako na meli haikusubiri. Tena tiketi za siku zina kikomo. Hoteli ikijaa wageni wa kulala, za nje zinafungwa, kwa hiyo usiende mlangoni ukitegemea kununua pale. Kabla ya kulipa soma masharti ya kughairi, hasa yanasemaje meli isipofika.

Kwa meli ya saa 2 mpaka 11 ningechukua ya hoteli. Kwa meli inayofika saa 6 mchana nisingechukua yoyote.

---

Serahangi

Nakubaliana, ila kwa mwezi wa saba nachukua ya meli. Ni msimu wa vimbunga, unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na kila meli iliyoshindwa kufunga kwenye kisiwa binafsi cha kampuni yake kwa sababu ya mawimbi hukimbilia Nassau maana bandari imekingwa na Paradise Island yenyewe. Siku ya namna hiyo msongamano unakuwa mara mbili.

Halafu radi. Ikisikika, mitelezo yote inasimama na watu wanatolewa majini, na kwa hilo usitegemee kurudishiwa pesa. Mvua za kiangazi hupenda alasiri, kwa hiyo hekalu na Power Tower viende asubuhi, The Dig ibaki kwa mawingu.

---

BintiPwani

Asanteni sana. Na chakula je? Na usafiri wa kwenda, kuna mtu kaniambia boti ni rahisi kuliko teksi.

---

Kijiti cha Mvule

Boti ipo, inatoka karibu na bandari na kuvuka mlango wa bahari. Nauli ni ndogo, upepo mzuri, nahodha ana utani na anategemea bakshishi. Kasoro yake ni kama daladala: haiondoki mpaka ijae. Asubuhi inajaa upesi. Alasiri inaweza kukuweka, na ikishawashusha Paradise Island mna kama robo saa ya mguu kupita Marina Village. Nendeni kwa boti, rudini kwa teksi. Nauli ya teksi huhesabiwa kwa kichwa, si kwa gari, kwa hiyo muulize dereva jumla ya wanne kabla ya kufunga mlango. Mtajie jina la jengo lililoandikwa kwenye vocha yako, Coral au Royal, kwa sababu "Atlantis" ni eneo zima na kutoka pembe moja hadi nyingine ni mwendo.

Magari yanapita kushoto kama Dar na Mombasa, ila mengi yana usukani wa kushoto yakiwa yametoka Marekani. Watoto waliokulia Miami au Houston hutazama upande usio wenyewe kabla ya kuvuka. Washike mkono.

Dola ya Bahamas ni sawa kwa sawa na ya Marekani, na ya Marekani inapokelewa kila mahali. Chenji ukipewa ya Bahamas itumie hukohuko.

---

Mama Wawili

Chakula ndani ni ghali, na bei ya ubaoni siyo unayolipa. Ongeza kodi ya asilimia 10 na huduma ya asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo sahani ya dola 20 inakuwa 25. Kuleni kifungua kinywa kizito melini. Biskuti zilizofungwa kiwandani hazina shida mfukoni, lakini matunda, nyama na sandwichi za bufee haziruhusiwi kushuka.

Ndala ni lazima. Sakafu kati ya mabwawa inaunguza nyayo, na vidato vya hekalu ni vingi. Losheni ya kukinga jua mpakane melini, dakika 20 kabla ya maji. Vitu vya thamani viwe kwenye kabati moja la kukodi, simu msiziache vitini.

Na vitambulisho! Kurudi bandarini mtu mzima anaulizwa kadi ya meli pamoja na kitambulisho chenye picha. Leseni ya udereva inatosha, pasipoti iache kwenye sefu la chumba.

---

Serahangi

Hapo kwenye pasipoti, shemeji huko Miami siku ya kupanda aje na vyote viwili, grinikadi na pasipoti iliyo hai. Na wengine mtakaopita hapa: mwenye viza ya Marekani ya kuingia mara moja akishuka Nassau ameshatoka Marekani. Ulizeni kabla ya kulipa meli, si baada.

---

BintiPwani

Nimewaelewa. Mdogo anasema mpaka mwezi wa saba atakuwa amefika 122.

---

Mama Wawili

Mpime bila viatu, kisigino ukutani, kwa sababu ndivyo watakavyompima wao. Na meli nyingi zina mitelezo yao yenye fimbo ya kupimia, mpelekeni siku ya kwanza ili ajue mapema.